Tusiiachie Nakala Moja Mali ya Nyumba Nzima

Kompyuta ya nyumbani kwako imebeba nini? Picha za harusi, hesabu za duka, karatasi za kiwanja ulizoskani, utafiti wa binti anayekaribia kumaliza chuo. Je, vitu hivyo vipo mahali pengine popote?

Wengi wetu hunakili kwenye flashi tunapokumbuka. Nia ni njema, ila shughuli ni nyingi, na nakala ya mwisho huwa ya miezi mingi nyuma. Kwa hiyo naomba kila nyumba ichague programu inayonakili yenyewe.

Huenda tayari unayo. Windows ina File History, na Mac ina Time Machine tangu 2007. Unachomeka diski ya nje, unaiwasha programu mara moja, na kuanzia hapo inajiendesha kila diski inapokuwa imechomekwa. Time Machine hutunza nakala za kila saa kwa siku nzima, za kila siku kwa mwezi, kisha za kila wiki hadi diski ijae. Hapo ndipo penye faida kubwa: ukiharibu hesabu leo, unairudisha ile ya juzi. Kwenye File History, hakikisha folda unayofanyia kazi imo kati ya zinazonakiliwa.

Na kuakisi diski je? Hapo diski mbili huandikwa kwa pamoja, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Kwa duka lisiloweza kusimama hata saa moja, ni jambo zuri. Lakini mtoto akifuta folda, inafutika kote kuwili papo hapo. Virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fedha, kama WannaCry ya Mei 2017, navyo vingefunga diski zote mbili. Kwa maoni yangu, familia ianze na nakala zinazotunza matoleo ya zamani. Kuakisi kuje baadaye, kukihitajika.

Unataka kuhamisha diski nzima, pamoja na mfumo wake? Clonezilla hufanya hivyo bure. Ila diski inayopokea hufutwa yote, kwa hiyo mwite kijana anayeijua mkae pamoja.

Diski ya nje nayo isikae imechomekwa mchana kutwa. Umeme ukija kwa kishindo, au virusi vikiingia, vitaikuta hapo hapo. Ichomeke jioni, programu imalize, kisha iweke mbali na kompyuta, mwizi asivibebe vyote kwa pamoja. Ukiweza, nakala ya pili ikae kwa shangazi au kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure, zinazotosha nyaraka muhimu, ingawa picha za miaka mingi zitazijaza upesi. Nakala yenye siri za familia ifungwe kwa nenosiri, na nenosiri liandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Kazini kwako je, nani anashughulikia nakala za ofisi, za shule, za kikundi chenu cha kuweka na kukopa? Ulizaneni kwa upole. Asipokuwepo mtu, jitolee wewe.

Na wewe uliyekwisha kuwasha programu, umewahi kujaribu kurudisha faili? Jumamosi hii chagua picha moja tu, irudishe kutoka kwenye nakala, uifungue uone kama inafunguka.