Mashini yenye kunyamaza: hesabu kwanza, kisha nunua



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wengine watasema si la kanisa. Lakini likiingia ndani ya nyumba na kugusa feza, usingizi na amani ya watu, limekuwa la kanisa.

Kijana mmoja wa korali yetu hapa Rumangabo alinijia jioni, kaye ya shule mkononi. Akasema: "Baba Pasta, niko na plani. Nataka kupanga ordinatere yangu mwenyewe, ya michezo, yenye kupozwa na maji. Haitapiga kelele hata kidogo."

Nikamuuliza: "Ulishapanga moja mbele ya hii?"

"Hapana, Baba. Hii njo ya kwanza."

"Na mama anasema nini?"

Akacheka kidogo. "Mama anauliza tu kama atalala."

Msomaji, usimcheke. Tangu kituo cha umeme cha Matebe kilipozinduliwa juu ya mto Rutshuru, Desemba 2015, vijana wa upande wetu wameota ndoto ambazo sisi wakubwa hatukuota. Tulisomea kwenye taa ya petroli. Kijana huyu anataka kucheza, ndiyo, lakini anataka pia kutengeneza video za korali na kupata kazi. Na feza yenyewe haikuokotwa njiani. Kaka yake anachimba koltani kule Rubaya, na ndiye aliyemtumia.

Basi tukaketi. Mimi si fundi. Tulimwita ndugu mmoja wa kanisa anayetengeneza kompyuta Goma, na tukaifungua ile kaye ukurasa kwa ukurasa. Haya ndiyo tuliyojifunza, nawapa na ninyi.

1. Jua maji yanafanya kazi gani.

Wengi wanafikiri maji yanaua joto. Sivyo. Maji yanabeba joto tu, kama chukudu inavyobeba makala: mzigo haupotei, unahamishwa. Pampu ndogo inasukuma maji juu ya prosesa, ambayo ni ubongo wa mashini. Maji yanapata moto, yanapita ndani ya mipira hadi kwenye radiatere, kama ile ya gari. Pale feni zinapuliza, joto linatoka, maji yanarudi. Kwa hiyo mashini ya maji bado ina feni, na imeongeza pampu, ambayo nayo ina sauti yake. Anayekuambia kwamba maji peke yake huleta ukimya amekuambia nusu.

2. Tafuta kelele inatoka wapi.

Hapa ndipo kijana wetu alishika kichwa. Katika kaye yake maji yalipoza prosesa tu. Lakini katika mashini ya michezo, mara nyingi mwenye joto kubwa ni kadi ya picha. Prosesa yaweza kula wati 100. Kadi kubwa yaweza kula wati 300. Yeye alikuwa anamwogesha mtoto mdogo na kumwacha mkubwa na tope. Feni za ile kadi zingenguruma usiku kucha, na mama asingelala.

Fundi akatufundisha kanuni mbili. Ya kwanza: joto kidogo, kelele kidogo. Chukua kadi ya katikati badala ya ile kubwa kabisa, kisha ndani ya mipango ya mashini ipunguzie nguvu kidogo, na uizuie isitoe picha nyingi kuliko kioo chako kinavyoweza kuonyesha. Kioo cha picha 60 kwa sekunde hakifaidiki na picha 200. Zile 140 za ziada ni joto la bure. Ya pili: feni kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayokimbia. Ukipunguza mwendo wa feni kuwa nusu, kelele yake inashuka karibu desibeli 15, na sikio litakuambia imeshuka sana. Chagua feni za sentimeta 12 au 14, na kasha lenye matundu mengi mbele. Kasha lililozibwa kila upande ili sauti isitoke linafungia joto ndani, kisha feni zinalazimika kukimbia.

3. Kumbuka mahali unapoishi.

Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi: mahali ambapo mtu wa pwani anapata vipimo 6 vya hewa, sisi tunapata karibu 5. Feni ileile inabeba joto pungufu kidogo huku. Kwa bahati nzuri usiku wetu ni wa baridi. Lakini vumbi letu halina huruma. Weka chujio mbele ya feni, lisafishe mara kwa mara, na usiiweke mashini chini sakafuni wala karibu na jiko la makala. Umeme nao unapanda na kushuka: weka stabilizatere, na ukiweza, kifaa chenye betri cha kukupa dakika chache za kuzima vizuri.

4. Kama ni maji, chagua maji ya aina gani.

Kuna njia mbili. Moja ni kifaa kilichofungwa kiwandani: pampu, mipira na radiatere vimeungana, maji yamo ndani tayari, wewe unafunga skrubu tu. Nyingine ni kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, na mabomba ya kung'aa kama yale vijana wanayoona kwenye simu. Kijana wetu alitaka hii ya pili. Fundi akamwambia: "Ndugu yangu, ya kwanza usifanye hivyo."

Sababu ni hizi. Ukiunganisha mwenyewe, huwezi kutia maji ya mto wala ya mvua. Yana madini na uchafu, yataleta kutu na ukijani ndani ya njia nyembamba. Huwezi kuchanganya shaba na aluminiamu katika njia moja ya maji, kwa maana moja italiwa. Na kabla ya kuwasha mashini yote, inafaa uendeshe pampu peke yake kwa saa 24 hivi, karatasi kavu chini ya kila kiungo, uone kama kuna tone. Kisha kila baada ya muda unamwaga na kujaza upya. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Kifaa kilichofungwa hakina shida hizo, ila kina yake: pampu ikikufa, mara nyingi unatupa chote na kununua kingine. Basi beyi ya cha pili iandikwe moyoni tangu leo. Na ukikifunga, radiatere ikae juu kuliko pampu. Ndani huwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda. Ikikaa kwenye pampu utasikia maji yanaguguma kama tumbo lenye njaa, na pampu itachoka mapema.

Nikamuuliza fundi: "Na bila maji kabisa?" Akasema kweli bila kuficha: kipozeo kikubwa cha hewa chenye feni ya polepole kinaweza kunyamaza sawa na maji, na beyi yake yaweza kuwa nusu au hata chini ya nusu. Hakina pampu ya kufa. Ubaya wake ni uzito: vingine vinakaribia kilo moja au kupita, na vinaning'inia juu ya bodi mama.

5. Hesabu siku ya kuhama.

Uzito huo ulinifanya nikumbuke jambo ambalo vitabu vya mafundi wa ng'ambo haviandiki. Sisi wa Rumangabo vita ilitupitia mwaka 2008, ikarudi 2012, ikarudi tena Oktoba 2022. Wengi wenu mnaosoma mnajua kufunga nyumba yote ndani ya kitenge kwa dakika kumi. Basi nikauliza: mashini hii itapandaje pikipiki kwenye mawe ya volkano hadi Goma, zaidi ya kilometa 40?

Fundi hakucheka. Alisema: ya mabomba haifai kabisa, itamwaga. Ya kipozeo kizito, kitoe kwanza, la sivyo bodi mama itapasuka njiani. Ya maji yaliyofungwa ni nyepesi kwa bodi. Na kwa mashini yoyote, ing'oe kadi ya picha, uifunge peke yake ndani ya nguo. Lakini akaongeza: "Siku hiyo, kama nafasi ni moja, beba mtoto." Tukanyamaza sote watatu.

6. Andika wati zote, na umeme wa kila mwezi.

Prosesa 100, kadi ya katikati 190, vingine vyote 60: jumla wati 350. Usinunue kisanduku cha umeme cha 350. Nunua cha 550 au 650 cha kampuni inayojulikana, kwa kuwa kisichobanwa hakipati joto sana, na feni yake haikimbii. Ukicheza saa 4 kwa siku, ni kilowati-saa 1.4, kwa siku 30 ni 42. Zidisha kwa beyi ya umeme wako. Nani atalipa? Liandike jina lake.

Tulipofika hapo nikamgeuzia kijana kaye yake. Nikamwambia: "Mwanangu, naona kasha, naona taa za rangi, naona mabomba. Sioni minervali ya dada yako."

Aliinamisha kichwa. Ile feza kaka yake alikuwa ameituma kwa mambo mawili: kumsaidia yeye kuanza kazi, na kumlipia mdogo wao wa kike shule. La pili halikuingia kwenye kaye.

Sikumkemea. Nilimwambia jambo moja tu. Ndani ya bodi ile na kadi ile kuna vipande vidogo sana vinavyoshika umeme na kuuachilia. Vingine vimetengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka katika koltani. Bati ya kuvilehemu hutoka katika kasiteriti, kama ile ya Bisie kule Walikale. Kaka yako anashuka shimoni, na wako wenzake ambao udongo uliwafunika hawakupanda tena. Jiwe linaondoka kwa beyi ndogo, linazunguka dunia, linarudi kwetu kwa beyi kubwa. Kununua mashini si dhambi. Lakini usinunue hata taa moja ya rangi ambayo huwezi kumweleza kaka yako.

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Msome Luka 14, mstari wa 28 hadi 30. Hakukataza mnara. Alisema keti kwanza.

Kijana akageuza ukurasa mpya. Mstari wa kwanza: minervali. Kisha kadi ya katikati badala ya kubwa. Kisha maji yaliyofungwa kiwandani, radiatere ya feni mbili. Hilo hakukubali kuliacha, nami sikumlazimisha; alikuwa na sababu yake, ni njia yetu mbaya. Taa na mabomba akavipiga mstari. Atanunua kwa vipande, mwezi kwa mwezi, wala hatafungua boksi moja mpaka vyote viwepo. Hesabu hiyo alimtumia kaka yake asome kwanza.

Nilikwenda kwao kuizungumza na mama. Nyumba yao ni ya mbao, kama nyingi zetu. Kelele ya chumba kimoja ni ya nyumba nzima. Mama alisikiliza yote, kisha akasema: "Pasta, mimi sijui maji wala feni. Usiku mimi njo ninasikia. Mutoto akikohoa, ninasikia. Jirani akipiga hodi, ninasikia. Risasi ikilia mbali, ninawaamsha. Kama ile mashini itafunika masikio yangu, isiingie."

Vijana, hapo ndipo penye maana ya mashini yenye kunyamaza. Si starehe yako tu. Ni masikio ya mama yako. Na wewe mwenyewe, ukivaa vile vya kuziba masikio usiku, acha sikio moja wazi.

Yule kijana akamjibu: "Mama, siku ya kwanza nitaiwasha usiku. Wewe utalala kwako, mulango wazi. Ukisikia mashini mbele ya kusikia mutoto, nitapunguza feni. Ikishindikana, nitaizima."

Kaye hiyo sasa imefungwa kwa msumari ukutani, jikoni, ili kila mtu aione. Mistari miwili imekwisha kuwekwa alama. Wa kwanza ni minervali.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

Katika plani yako ya mwezi huu, jina la nani limesahauliwa? Feza unayotumia ilitoka kwenye jasho la nani, na yeye ameona hesabu? Kitu unachotaka kuleta nyumbani, kitazuia nani asisikike?

Mungu awabariki, awape usingizi wa amani. Tuonane mwezi ujao.