MWENDO WA NDEGE NA MWENDO WA MWANANCHI

Kutoka London hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 7,500, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa 10 hivi. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, hazifiki 900. Lakini mfanyakazi wa Musoma apandaye basi alfajiri, akazunguka kwa Bunda, Shinyanga, Singida na Dodoma, hukata zaidi ya kilometa 1,300, na usiku humkuta angali njiani. Kwa hesabu ya saa, basi, Dar es Salaam iko karibu na London kuliko Musoma.

Wako watakaosema: apande ndege Mwanza. Vema, na tuhesabu. Ndege ya jeti huruka kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Lakini kabla ya kuiona, mtu wa Musoma yampasa kwenda kilometa zipatazo 220 kwa gari, yaani saa tatu au nne, kisha angoje kiwanjani. Hata ndege ikiongezewa mwendo maradufu, haitamwokolea saa nzima. Muda wake mwingi hupotea ardhini, si angani.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Abiria wa Musoma alipanda meli, akashuka Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928. Safari ilikuwa ya siku kadhaa, lakini chombo kimoja kilimkabidhi abiria kwa chombo cha pili.

Ni dhahiri, basi, kwamba kiwanja cha ndege cha Musoma ni haki ya wananchi wa Mara, wala si anasa. Lakini kiwanja peke yake hakitoshi. Kama nauli ni ya wakubwa na watalii tu, mwalimu wa Bunda na mvuvi wa Musoma wataitazama ndege ikiwapita juu ya vichwa vyao. Na kama hakuna basi la kumpeleka mtu wa Butiama kiwanjani kwa wakati, ndege itakuwa imeondoka. Wapangao safari hawana budi kupima tangu mlangoni kwa mwananchi hadi mwisho wa safari yake, kwa saa na kwa shilingi.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo huo. Siku zile taifa zima lilidhihirisha kwamba Butiama si mbali pakiwa na nia. Lililowezekana kwa kumrudisha Baba wa Taifa kwao lisishindikane kwa mgonjwa wa Butiama anayetafuta tabibu naye angali hai.