Kazi ya mikono ya mtoto hainunuliwi sokoni

Wakaaji wengi wa Bunagana waliosoma shule ya msingi miaka ya nyuma wanaikumbuka siku ya kazi za mikono. Mwalimu alitangaza Jumatatu, na Ijumaa meza ilikuwa imejaa: gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko, chukudu ndogo ya mti, kibatari cha kopo la nyanya, mizani ya kamba na vifuniko viwili, Nyiragongo ya udongo. Mwingine alileta mawe ya redio yaliyokwisha, akayaanika juani ili kuonyesha kwamba taa inaweza kuwaka tena kidogo. Hakuna aliyeita meza ile maonyesho ya sayansi, ingawa sayansi ilikuwa pale yote.

Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana iliingia mikononi mwa M23. Familia nyingi zilivuka mpaka kwenda Kisoro, Uganda. Zingine zilishuka Rutshuru hadi kambi za karibu na Goma, kama Kanyaruchinya. Mwisho wa Januari 2025 vita vikafika Goma kwenyewe, na mwezi uliofuata kambi zikaanza kubomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao. Kuna watoto ambao katika miaka hiyo wamebadilisha shule mara tatu, na kuna ambao hawajakanyaga darasa tena.

Wazazi wanauliza kuhusu bulteni zilizopotea njiani na mitihani iliyowapita watoto wao. Wana haki. Lakini kuna kitu kingine kilichopotea bila mtu kukilalamikia: mtoto kusimama mbele ya wenzake akishika kitu alichokitengeneza, kisha kuulizwa, "Hii inafanya kazi namna gani?"

Hata pale kazi za mikono zilipobaki, katika mashule mengi zimegeuka kuwa manunuzi. Mtoto anaambiwa alete ufagio. Mama anaununua sokoni kwa pesa ya unga, ufagio unaingia stoo ya shule, pointi zinaandikwa. Mtoto hakujifunza chochote, isipokuwa kwamba pointi zina bei. Kwa familia iliyokimbia vita huo ni ushuru mwingine tu, na asiye na ufagio anabaki nyumbani siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa michezo, kwamba mtoto anayelala chini ya shitingi anahitaji chakula na usalama kwanza. Ni kweli anavihitaji. Ila sayansi nayo, katika eneo hili, ni sehemu ya usalama.

Mfano ni mazuku. Familia zilizofika upande wa Bulengo na Mugunga zilikuta hatari ambayo ilikuwa ngeni kwa wengi wao. Ni gazi karboniki inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Haina rangi, haina harufu ya kumshtua mtu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi au mtoto akishuka humo anaweza asipande tena. Wanasayansi wa dunia nzima wanatumia neno hilohilo la watu wa hapa, mazuku, katika maandishi yao.

Sasa, mwanafunzi wa mwaka wa tano anaweza kuyaonyesha mazuku juu ya meza, mwalimu akiwa kando yake. Anaweka soda ya maandazi ndani ya jagi, anamimina maji ya ndimu, anangoja povu litulie. Kisha anainamisha jagi polepole juu ya kikombe chenye kipande cha mshumaa kinachowaka, bila kumwaga hata tone la maji. Mwali unazimika na hakuna aliyepuliza. Darasa linaona kwa macho kwamba kuna kitu kisichoonekana, kinachotiririka kwenda chini kama maji na kuua moto. Mtoto aliyeona hivyo ataelewa kwa nini anakatazwa kushuka shimoni alfajiri kutafuta kuni.

Mwingine anaweza kukata kidumu, kupanga ndani yake kokoto, mchanga na makala, kisha kuchuja maji machafu. Maji yanatoka meupe, na watu wanapiga makofi. Hapo ndipo mwalimu anauliza: je, yanafaa kunywa? Jibu ni hapana, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu vinaweza kupita hapo. Lazima yachemshwe au yatiwe klorini. Goma, iliyozika maelfu ya watu kwa kipindupindu mwaka 1994, inalijua deni la kutojua jibu hilo.

Tena swali la mtoto lisidharauliwe. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Tanganyika aitwaye Erasto Mpemba, akitengeneza aiskrimu shuleni Magamba, aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule yake, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha walichokiona, na wanasayansi wanakibishania hadi leo kwa jina la mwanafunzi huyo.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Kila shule inayopokea watoto waliokimbia inaweza kutenga Jumamosi moja mwishoni mwa muhula na meza moja. Masharti yawe machache. Kitu kisinunuliwe. Mtoto akitengeneze mwenyewe kwa vitu vya nyumbani. Akieleze kwanza kwa lugha anayoiota usiku, kisha kwa Kifaransa akiweza. Na chuma chochote kisichojulikana, kilichookotwa shambani au pembeni ya barabara, kisiguswe wala kuletwa shuleni. Mtu mzima aitwe, kwa maana mabomu ambayo hayakulipuka bado yamelala katika mashamba ya Rutshuru.

Pointi zitolewe kwa maelezo, si kwa uzuri wa kitu. Redio za hapa nazo ziwape watoto hao dakika tano za hewani, ili jirani wa Bunagana aliye Kisoro au Goma asikie mtoto wa kwao akieleza kwa nini mwali ulizimika.