Hans, sin na uvivu wetu wa "wataelewa tu"

Nimepotea wiki mbili, najua, msinirushie mawe. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha na leo narudi nimefura ile mbaya, kwa hiyo kama umekuja kusoma habari za theluji ya Sweden, pita siku nyingine.

Kisa chenyewe kifupi. Kule shuleni nakaa nyuma ya darasa, naangalia, halafu naandika ripoti kwa Kiswidi. Nikaandika: Pojken tog hans mobil. Kichwani mwangu ilikuwa "mvulana alichukua simu yake", yaani alitoa simu yake mwenyewe akaanza kuichezea mwalimu akiwa anafundisha. Basi. Mwalimu anayenisimamia akaisoma, akaniuliza kwa upole: alichukua simu ya nani? Maana kwa Kiswidi nilichoandika ni kwamba amechukua simu ya mtu mwingine. Ilitakiwa sin mobil. Kwa neno moja nimemgeuza mtoto wa miaka 12 kuwa mwizi, kwenye karatasi yenye jina langu. Yule mwalimu angekuwa na haraka siku ile, nyumbani kwa mtoto wangepigiwa simu.

Narudi hosteli, nawasimulia washikaji wa Kibongo tunaosoma nao. Wakacheka. "Ah, wataelewa tu, sisi si Waswidi." Jamani, hawakuelewa! Walielewa kitu kingine kabisa. "Wataelewa tu" inatosha ukinunua mkate. Sisi tunasomea ualimu. Tutaandika ripoti za watoto wa watu, nani kampiga nani, nani kachukua cha nani. Ukichemsha hapo, wewe unalala usingizi, mtoto ndiye anaitwa ofisini.

Lakini sina hasira na washikaji peke yao. Kuna mkufunzi wetu mmoja wa lugha (jina nabaki nalo) aliyetuambia mbele ya darasa zima kwamba watu ambao lugha yao haitofautishi han na hon huwa wanahangaika sana na viwakilishi. Alisema kwa huruma, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya. Tukainamisha vichwa. Leo najilaumu kwa nini niliinamisha.

Kwanza, ng'ambo tu hapo kuna Wafini. Kifini kina hän, mwanamume hän, mwanamke hän, sawasawa na yeye yetu, na watoto wao wanasoma Kiswidi shuleni kwa sababu ni lugha rasmi ya nchi yao. Tena Waswidi wenyewe walipotaka neno la mtu ambaye jinsia yake haijulikani au haihusiki, au mtu asiyejiita mwanamume wala mwanamke, walichukua hen, linalofanana na hilo la Wafini, na mwaka 2015 likaingia kwenye orodha ya maneno ya Akademia ya Uswidi. Kwa hiyo kile tulichoambiwa ni upungufu, wenyewe wamekitafuta! (Na nyie mliokuwa mnalicheka hen kwamba ni mambo ya Wazungu, hebu niambieni "amefika" ni mwanamume au mwanamke.)

Pili, na hapa ndipo damu inachemka. Den na det ni nini kama si ngeli? Stolen imevunjika, unasema den. Bordet imevunjika, unasema det. Makundi mawili tu! Sisi tumekulia kwenye kiti kimevunjika, meza imevunjika, gari limevunjika, ukuta umevunjika, na hakuna aliyetuonea huruma. Halafu hiyo sin yenyewe: sin bil, sitt hus, sina böcker. Inafuata kinachomilikiwa, haimfuati mmiliki. Gari lake, nyumba yake, vitabu vyake. Ni mchezo wetu wa tangu utotoni huo! Lakini tunafundishwa kwa kupitia Kiingereza, lugha ambayo kimilikishi chake hakifuati kinachomilikiwa na haina hiyo sin. Ni kama kumwelekeza mtu wa Temeke njia ya kwenda Mbagala kwa kumpitisha Bagamoyo.

Kitu kipya kwetu ni kimoja tu: kuuliza kila mara kama mwenye mali ndiye mtenda wa sentensi. Kama ndiye, sin. Kama ni mwingine, hans au hennes. Kiswahili nacho kina utata huo, "Juma kachukua simu yake" imeshagombanisha watu wengi, ila sisi tunaumaliza kwa kuongeza "mwenyewe". Jaribu basi: ukiweza kuongeza "mwenyewe" na maana ikabaki, weka sin. Angalia tu isiwe ndani ya mtenda wenyewe. Juma och hans fru kommer, hapo sin haikai hata ulie.

Na Waswidi wasijifanye malaika. Wanatamka dom, wanatakiwa kuandika de kwa mtenda na dem kwa mtendwa, na wanabugi kila siku. Nimeona dem är kwenye tangazo la wanafunzi wenzangu, wazawa kabisa. Dawa yao ni kujaribu kuweka vi au oss: ikikaa vi, andika de, ikikaa oss, andika dem. Mbona hao hawaambiwi wana shida ya asili?

Du nayo ilinitesa, maana profesa mwenye mvi unamwita "wewe" na jina lake la kwanza. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu wa idara yao ya afya, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba atawaita wote du, na nchi nzima ikafuata upepo huo. Mimi bado ulimi unataka shikamoo. Ila hilo ni aibu yangu, halimdhuru mtoto.

Ripoti nimeirudia yote jana usiku. Nimezungushia kila hans kwa kalamu nyekundu: zilikuwa 14, na 9 zilitakiwa kuwa sin. Kesho saa mbili asubuhi naipeleka. Halafu sasa hivi nimeona ukurasa wa tatu kuna mama wa mwanafunzi nimemwita han. Haya, chekeni.