Robo sekunde anayostahili mteja

KIGANJANI
Na Salum Kombo

Mteja akibonyeza "lipa" kwenye simu na duara likaanza kuzunguka, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Lakini yako makosa yanayotoka kwingine kabisa: programu iliyo kwenye seva ya muuzaji imekwama ikingoja jibu la seva nyingine, na aliyeiandika hakuielekeza la kufanya jibu likichelewa.

Kwa hiyo toleo la 3.10 la aiohttp, lililotoka Julai 2024, lisiachiwe mafundi peke yao kulijadili. Aiohttp ni maktaba ya lugha ya Python ya kutuma maombi ya HTTP bila moja kulisubiri jingine. Ombi likiwa njiani, programu inashughulikia mengine, na kila jibu linapokelewa linapofika. Msingi wake ni asyncio, iliyoingizwa katika Python 3.4 mwaka 2014.

Jipya lililonivutia ni hili. Seva nyingi sasa zina anwani za aina mbili, IPv4 ya zamani na IPv6. Njia ya IPv6 ikiwa mbovu mahali fulani, programu iliyoanza na anwani hiyo hubisha hodi mpaka ichoke, ndipo ikumbuke kwamba kuna mlango mwingine. Toleo la 3.10 limeleta utaratibu uitwao Happy Eyeballs, uliofafanuliwa katika waraka wa RFC 8305 wa mwaka 2017: anwani ya kwanza isipoitika ndani ya milisekunde 250, ya pili inajaribiwa huku ya kwanza ikiendelea kujaribiwa, na itakayowahi ndiyo itakayotumika. Robo sekunde tu! Mteja hatajua hata kwamba palikuwa na njia iliyokatika.

Kazi yote hii inatolewa bure, kwa leseni ya Apache. Inaniuma kuona ofisi zinang'ang'ania toleo la zamani kwa hoja kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Hofu hiyo naielewa, maana toleo jipya linaweza kuharibu kilichokuwa kikienda vizuri, na ndiyo sababu ya kulijaribu kwanza pembeni. Ila kubaki nyuma nako kuna hatari. Januari 2024, toleo la 3.9.2 liliziba tundu CVE-2024-23334, lililoweza, kwa seva zilizopangwa vibaya, kumruhusu mtu wa nje kusoma mafaili yasiyomhusu. Wakuu wa ofisi watenge muda na fedha za kusasisha kila mwaka, kama wanavyotenga za umeme.

Kuna jambo ambalo toleo jipya halitatufanyia. Usipoweka kikomo chako, aiohttp inalipa ombi zima dakika tano kabla ya kulikatisha. Nani atasimama dukani dakika tano, na foleni nyuma yake? Kikomo hicho kiwekwe na wanaowajua wateja wao. Na kwenye malipo, kikomo kikifika isichukuliwe kwamba fedha hazikutoka. Huenda zimetoka na jibu ndilo lililopotea. Programu iulize kwanza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, wala isitume ombi la pili mpaka ipate jibu, maana hapo ndipo mtu hukatwa mara mbili kwa mkate mmoja.