Kusaidiana Hesabu: Kwa Kuketi Pamoja au kwa Kuandikiana?

Wazee walinena, Kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili ni kweli katika kulima na kujenga, na ni kweli vilevile katika kutafuta jawabu la hesabu ngumu. Lakini siku hizi wanafunzi wana njia mbili za kusaidiana. Ya kwanza ni ya tangu zamani, yaani kuketi pamoja na kusemezana uso kwa uso. Ya pili ni kuandikiana maneno mafupi kwa simu au kwa kompyuta, kila mtu akiwa kwao. Mwaka 2020, shule za Kenya na Tanzania zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, waliokuwa na simu nyumbani waliweza kusaidiana kwa njia hiyo ya pili. Shule zilifunguliwa tena, wala njia ile haikuachwa. Basi yafaa kuuliza: iliyo bora ni ipi?

Na ichukuliwe hesabu moja iwe mfano. Watu 10 wamekutana barazani, na kila mmoja apeana mkono na kila mwenziwe mara moja tu. Je, mikono itapeanwa mara ngapi? Mwanafunzi wa kwanza asema 100, maana 10 mara 10 ni 100. Wa pili asema 90, maana hakuna mtu ajipaye mkono mwenyewe, kwa hiyo kila mtu ana wenziwe 9. Wa tatu asema 45.

Wakiwa wameketi pamoja, ubishi huu haudumu. Wa tatu huondoka, akampa wa pili mkono, akauliza, “Salamu hii ni yangu au ni yako?” Mara huonekana kwamba salamu moja imehesabiwa mara mbili, na ya kuwa ile 90 haina budi kugawanywa kwa 2. Ni vigumu maandishi kuifanya kazi hiyo upesi namna ile. Tena amwonaye mwenziwe usoni hutambua kama ameelewa kweli, au ameitikia tu kwa haya.

Katika simu mambo huwa mengine. Wa kwanza angali akiandika swali lake, na wa pili amekwisha kuleta jibu la swali lililotangulia; maneno yakapishana kama watu wapishanao gizani. Aandikaye “sawa” hajulikani kama ameelewa au amechoka. Na ubaya ulio mkubwa ni huu, kwamba wa tatu aweza kutuma 45 peke yake, pasipo kueleza alivyoipata. Wenziwe huinakili katika madaftari yao, na mwalimu akaweka alama ya vyema. Lakini siku ya mtihani, watu 10 wakigeuzwa kuwa 12, walionakili hawana la kuandika. Zaidi ya hayo, si kila nyumba ina simu, wala si kila siku ipo fedha ya kuilipia. Asiye nayo huachwa nyuma, hali kivuli cha mwembe hakimdai mtu kitu.

Walakini si haki kuyahukumu maandishi pasipo kusikiliza upande wake. Mara nyingi barazani mwenye sauti kubwa humshinda mwenye akili. Aliyesema 100 akiwa ndiye mkubwa wa darasa, mdogo aliyepata 45 huenda akanyamaza. Katika maandishi hakuna sauti kubwa. Mwenye kigugumizi na mwenye haya huandika sawasawa na msemaji hodari, nao hupata nafasi ya kufikiri kwanza. Tena maneno ya kinywa huchukuliwa na upepo, bali yaliyoandikwa hukaa, na mtu aweza kuyarudia kesho. Mali bila daftari huisha bila habari, na fikira nazo ni mali.

Wako wataalamu waliofanya kazi kubwa kwa kuandikiana. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal aliyekaa Paris na Pierre de Fermat aliyekaa Toulouse, walipelekeana barua juu ya swali hili: mchezo wa fedha ukikatizwa kabla ya kwisha, fedha iliyowekwa igawanywe vipi kwa haki? Kila mmoja alieleza njia yake, na mwenziwe akaipima. Barua zile zilisaidia kuweka msingi wa hesabu za uwezekano, ambazo makampuni ya bima huzitumia hata leo.

Hata hivyo barua zina mpaka wake. Mwaka 1913 karani mmoja wa bandari ya Madras katika Bara Hindi, mji uitwao sasa Chennai, alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge huko Uingereza. Karani huyo ni Srinivasa Ramanujan, na barua yake ilijaa majawabu ya ajabu. Hardy alitambua kwamba ni mtu wa akili nyingi mno, lakini majawabu yalikuja pasipo njia, naye akamwomba uthibitisho. Kuandikiana hakukutosha. Mwaka 1914 Ramanujan alivuka bahari, wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1918 walitoa maandiko yao juu ya kuzigawa namba. Namba 4 yaweza kuandikwa kwa njia 5: 4, 3 + 1, 2 + 2, 2 + 1 + 1, na 1 + 1 + 1 + 1; lakini namba 100 ina njia 190,569,292. Wao walionyesha jinsi ya kukadiria idadi hiyo pasipo kuziandika njia zote moja moja.

Basi, kwa kuanza hesabu ngumu, kuketi pamoja ni bora, maana hapo kosa huonekana na kutengenezwa papo hapo. Kwa kuipima na kuihifadhi, maandishi ni bora. Wenye busara huanza barazani, kisha kila mmoja huandika njia kwa maneno yake mwenyewe, akawapa wenziwe waisahihishe. Na wakilazimika kuanza kwa simu, kwa sababu ya umbali au ugonjwa, na washike sheria moja: asitume mtu jawabu pasipo njia yake. Pascal na Fermat walielezana njia zao, na umbali haukuwazuia.

Atakaye kujua kama amefaidiwa na habari hii, na ahesabu salamu za watu 12. Akiisha kupata jawabu, amweleze mwenziwe njia aliyopita, mpaka mwenziwe aweze kuifanya ya watu 20 peke yake.