KODI YA BARABARA: MOJA, SIO MBILI!

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Kenya imebeba kodi ya kutengeneza barabara. Kodi hii iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mwezi wa Julai 2024 ilipandishwa kutoka Shs. 18 hadi Shs. 25 kwa lita. Nani huilipa? Si tajiri mwenye matatu. Dereva na makanga hununua mafuta kwa mapato ya siku, na hesabu ya mwenye gari haipungui. Kijana wa bodaboda huitoa mfukoni mwake. Na wewe uliye kiwandani huilipa katika nauli, na katika bei ya unga ulioletwa na lori.

Sasa kuna neno jipya. Wanasema motokaa za umeme hazinywi petroli, hivyo hazilipi kodi hii. Basi kila gari litozwe kwa kilomita linazokwenda.

Ndugu, tusikatae upesi. Jambo hili lina haki ndani yake. Kwa nini mwenye motokaa ya umeme ya mamilioni apite juu ya lami bila kuilipia, hali wa bodaboda analipa kila lita? Tena kinachovunja barabara ni uzito. Wamarekani walilipima jambo hili huko Illinois, 1958 hadi 1960: ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, uharibifu wa lami hupanda karibu mara 16. Lori hilo halinywi mafuta mara 16! Basi mwenye gari dogo anamlipia mwenye lori.

Huko New Zealand magari ya dizeli yamelipa kwa kilomita tangu 1978, na lori zito hulipa zaidi. Lakini sikieni vizuri: dizeli yao haitozwi kodi hiyo tena kwenye lita. Wanalipa mara moja.

Je, sisi tutalipa mara moja? Mwaka 2025 Serikali iliweka rehani Shs. 7 za kila lita ili kuwalipa makontrakta waliokuwa wakiidai. Kitu kilichowekwa rehani hakiondoki kesho. Ada ya kilomita ikija na kodi ya lita ikabaki, tutakamuliwa kama ng'ombe wa wenyewe wawili, asubuhi huyu na jioni yule.

Kwa hivyo tudai mambo matatu, na yaandikwe katika sheria, si katika hotuba:

1. Gari linalolipa kwa kilomita lirudishiwe kodi yake ya lita. Oregon, Marekani, wanafanya hivyo tangu 2015. Kwa nini ishindikane hapa?

2. Ada ifuate uzito. Lori la tani nyingi lisilipe sawa na pikipiki.

3. Mwenye gari ndiye alipe. Iwe ni kosa kumkata dereva, makanga au mwendeshaji wa kukodi.

Wanachama, msingoje mpaka sheria ipite ndipo mlalamike. Ililetwe jambo hili katika mkutano wa kila tawi, lipigiwe kura, na barua ipelekwe kwa Mbunge wenu. Barabara tunazihitaji, na kuzilipia tuko tayari. Lakini mara moja tu!

UMOJA NI NGUVU.